Panzi wa Kontesa Valdine

Greenbelt, Maryland
21 Januari 2006

Kwa Mama Makena,
Sterling, Virginia.

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni Genoveva, shangazi yake Fredy. Baba wa Fredy, kaka yangu Gervas, alitutoka mwaka 1998, kwa hiyo jukumu la kumsemea kijana huyu limeniangukia mimi. Naandika kwa heshima na taadhima kuleta posa. Kijana wetu amemwona binti yenu Makena, amempenda, naye amependwa, na anaomba mumpe awe mke wake.

Najua kwenu Kenya mambo haya huanza kwa watu kumiminika sebuleni na kumaliza chapati. Sisi tunaandika barua. Barua hukaa, na aliyeandika hawezi kukana kesho. Mshenga wetu ni Mzee Fidelis, anaendesha teksi uwanja wa ndege wa Dulles, hivyo kwenu ni njiani kwake na hatasumbuka.

Pamoja na barua hii anakuletea kikasha cha mahameli. Ndani yake kuna kishika uchumba: pini ya kifuani yenye umbo la panzi, mawe ya kijani mgongoni, macho mekundu. Tafadhali usiishike kwa mikono yenye mafuta. Ni kazi ya nyumba ya Kontesa Valdine. Huenda jina hilo hujalisikia, nami sitakulaumu kwa hilo. Ukitaka kuelezwa, nitakueleza.

Tunasubiri jibu kwa maandishi. Vijana wangependa ndoa ifungwe mwaka huu.

Wako katika Kristo,
Genoveva


Sterling, Virginia
12 Februari 2006

Kwa Madam Genoveva,

Bwana asifiwe.

Mzee wako wa teksi alinipata tukitoka kanisani. Alinipa kile kikasha kwa parking, akakataa chai, akaenda. Nikamwita shemeji yangu Phineas, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, akaja kutoka Manassas, kwa sababu kitu cha familia hufunguliwa mbele ya familia. Tukaketi. Tukaomba. Tukafungua. Tukaona mdudu.

Kwetu Meru mtu akija kuposa anakuja na asali. Anakuja yeye mwenyewe, anaketi, anaulizwa maswali, anatoka jasho. Wewe umetuma teksi na nzige. Unajua nzige ni nini kwetu? Nyanya yangu alizika watoto wawili mwaka ule nzige walipomaliza shamba hadi majani ya paa. Phineas alikifunga kile kikasha akasema, "Hawa watu wametuletea njaa kwa box ya velvet. Wameifikiria hii kitu ama waliokota tu?"

Halafu nikamtoa yule mdudu nikamgeuza. Dhahabu imebanduka chini ya mguu mmoja. Mawe ni chupa. Mimi ni nesi, sio sonara, lakini chupa naijua.

Makena ni mtoto wangu wa pekee. Baba yake aliniachia mtoto akiwa darasa la tatu. Nimefanya kazi usiku na mchana katika nchi hii ili mtu asije akamtazama kama kitu cha kuokota. Kwa hivyo jibu langu ni hapana. Kijana sijamkataa, nimemwona, ana adabu, anakula vizuri. Ninachokataa ni hii posa. Leteni posa ya watu. Mkikataa, muoane huko kwenu na barua zenu, lakini mimi sitakanyaga kanisani kumtoa mtoto wangu kwa watu walionipima wakaona ninatosha chupa.

Kiswahili chako ni kizuri sana. Lakini mkono mtupu haulambwi, hata ukiwa na mwandiko mzuri.

Bilha


Greenbelt, Maryland
25 Februari 2006

Mama Makena,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa natafuta adabu, nikadhani labda imejificha kwenye mkunjo wa karatasi.

Yule si nzige. Ni senene. Mimi ni mtu wa Bukoba, na Bukoba senene wakishuka mwezi wa kumi na moja, mwalimu anaacha darasa na padri anafupisha mahubiri. Mkwe wa heshima huwekewa senene mezani kabla hata nyama haijatajwa. Aliyekuletea senene amekuambia kwamba nyumba yako ni nyumba ya kuheshimiwa. Nilidhani mtu aliyezaliwa Afrika hahitaji kufundishwa tofauti ya mdudu anayekula na mdudu anayeliwa.

Sasa kuhusu Kontesa, kwa kuwa umeita kazi yake chupa. Kontesa Valdine alikuwa mwanamke wa nasaba kutoka Ulaya ya mashariki. Mapinduzi yalipofika alikimbia na kasha moja tu, na ndani ya kasha hakuweka dhahabu, aliweka michoro. Alitua mji wa Providence, Rhode Island, akafungua karakana yake mwaka 1931, wakati matajiri wa nchi hii walikuwa wanauza mazulia. Sura yake imechorwa ndani ya kifuniko cha kila kikasha, na ungekuwa umekiangalia badala ya kumwita shemeji ungemwona: shingo ndefu, taji dogo. Alikuwa akisema kito cha thamani kinaonyesha mfuko wa mume, lakini pambo linaonyesha jicho la mwanamke. Mabibi wa mabalozi hapa Washington walivaa kazi zake kwenye dhifa. Panzi wako alitengenezwa mwaka 1943, katikati ya vita, na waliosalia ni wachache.

Haya siyasomi kwenye gazeti la saluni. Mimi ni mwanachama wa klabu ya wakusanyaji ya Bethesda, Mwafrika pekee, na wale wanawake wa Kizungu wakikwama wananiuliza mimi.

Asiyejua maana haambiwi maana. Nimekuambia kwa sababu tutakuwa ndugu, upende usipende. Naomba jibu jipya.

Genoveva


Sterling, Virginia
19 Machi 2006

Madam,

Nilikuwa nimeulizia watu wa Bukoba nikaambiwa nyinyi hamjisifu, mnasema tu ukweli kwa sauti kubwa. Sasa nimeelewa.

Mimi ninafanya kazi katika nyumba ya wazee kule Manassas. Kuna mgonjwa wangu mmoja, Mrs. Pacheco, wazazi wake walikuwa Wareno, na amezaliwa wapi? Providence, Rhode Island. Nilimpelekea Kontesa wako ndani ya mfuko wa yunifomu. Alipoona ile picha kwa kifuniko alicheka mpaka nikainua kitanda asipaliwe.

Kontesa alikuwa mke wa daktari wa meno.

Keti chini nikueleze, maana na mimi naweza kueleza. Mwenye kiwanda aliitwa Orrin Tuttle na alikuwa akiuza vifungo. Vifungo vya makoti. Watu wakakosa pesa ya makoti mapya, vifungo vikabaki kwa magunia, ndipo akapata akili ya kuvigundisha pini nyuma na kuviita mapambo. Akakosa jina la kifahari, akalitunga. Akakosa sura, akaenda kwa daktari wake wa meno akaona bibi yake ana shingo ndefu, akamleta mchoraji. Taji liliongezwa baadaye, baada ya mtu kusema huyu mama anafanana na mwalimu wa Sunday school. Hakukuwa na mapinduzi. Hakukuwa na kasha la michoro. Michoro waliiba kutoka kwa madirisha ya maduka ya New York, Tuttle mwenyewe akisimama nje na penseli.

Na karakana? Karakana ilikuwa jikoni kwa kina Mrs. Pacheco. Mama yake alileta mawe kwa trei jioni, watoto wote wakaketi mezani baada ya kula wakiyabandika kwa gundi, aliyelala akipigwa kijiko. Akasema gundi ilikuwa inatoa ngozi ya vidole.

Halafu hii nimekuwekea ya mwisho. Miaka ya hamsini kampuni ya sabuni ya kufulia iliwanunua hawa wadudu kwa maelfu. Kila pakiti kubwa ya sabuni ilikuwa na mdudu mmoja ndani. Kipepeo, mende, panzi. Mama wa nyumbani alichota sabuni na kijiko, akatoa Kontesa. Mwisho watu wakachoka nao, kijana wa Tuttle akauza jina, na mwaka 1974 wakafunga. Mawe yaliyobaki yakamwagwa nyuma ya kiwanda wakatia lami juu. Mrs. Pacheco anasema mvua ikinyesha sana bado yanatokeza pale watu wanapoegesha magari.

Kwa hivyo mtoto wangu ameposwa na zawadi ya sabuni. Na hao wanawake wa Bethesda, nina shaka kama wanakuuliza kwa sababu unajua. Umevishwa kilemba cha ukoka, na wewe ukakifunga vizuri mbele ya kioo.

Jibu ni lile lile.

Bilha


Greenbelt, Maryland
2 Aprili 2006

Mama Makena,

Barua hii inakuja kwa stempu. Mzee Fidelis amejiuzulu ushenga. Alisoma uso wangu nilipokuwa nasoma barua yako, akasema, "Mama, mimi nilitumwa kupeleka posa. Hivi mnavyopelekeana sasa ni mawe, na teksi yangu haina bima ya mawe."

Umemuuliza mgonjwa kitandani na umerudi na ushindi. Hongera. Hata kama Kontesa angekuwa mke wa daktari wa meno, na sijasema alikuwa, pini ile ingebaki nzuri vilevile. Kitu hakiwi kibaya kwa sababu aliyekiuza alikuwa mwongo. Ingekuwa hivyo, sijui mkoba wako ungekaa wapi. Namaanisha ule ulioubeba siku ya harambee ya kanisa, kabla hatujaanza kuandikiana, wenye herufi za Kifaransa. Ulichubuka mpini mbele ya macho yangu, nikaona chini yake ni karatasi, si ngozi. Nilikupisha tu kwenye meza ya wali. Nyani haoni kundule.

Nakuomba jambo moja tu, na naliomba bila mzaha. Vijana wanangoja. Makena anakuja hapa Jumamosi, anakaa jikoni mpaka jioni. Kama unanichukia mimi, nichukie mimi kwa nafasi yako, lakini usiwazuie wao. Ukishindwa hata hilo, rudisha pini kama ilivyokuja.

Na ukinipigia simu tena, ngoja nimalize sentensi kabla hujakata.

Genoveva


Sterling, Virginia
27 Mei 2006

Madam Genoveva,

Umesema nirudishe. Narudisha.

Kuna sonara hapa karibu, Mhindi aliyezaliwa Kisumu, Kiswahili chake hakina maringo. Nilimwambia atoe mawe kwanza. Yamo ndani ya nailoni, yahesabu ukipenda, mimi sikuhesabu. Kilichobaki akakitia moto. Hicho kibonge unachokiona ndicho Kontesa, shingo, taji na kila kitu. Sonara aliongea maneno mengi sana, na mimi sikuwa na saa ya kusikiliza.

Utasema hakikuja hivi. Kilikuja takataka, kinarudi takataka, tofauti ni kwamba sasa hakidanganyi mtu.

Sasa nadhani tumeelewana. Mtoto wangu akitaka kuolewa, ataolewa na watu walio na macho ya kuona ana thamani gani. Kama ni Fredy, basi Fredy aje na asali, bila wewe.

Bilha


Greenbelt, Maryland
10 Juni 2006

Mama Makena,

Nitakuwa mfupi.

Wakati wa vita serikali ilichukua shaba na bati zote zikaenda kutengeneza risasi. Viwanda vya mapambo ya bandia havikuruhusiwa kugusa. Kilichobaki, ambacho jeshi halikukihitaji, ni madini ya fedha. Kwa hiyo kuanzia 1942 hadi vita ilipoisha, Orrin Tuttle, muuza vifungo wako, alilazimika kutumia fedha halisi. Akaogopa. Wateja wake walizoea mng'ao wa dhahabu ya uongo. Basi akaichovya ile fedha rangi ya dhahabu, kitu halisi akakificha chini ya kitu bandia, na hakumwambia mtu isipokuwa kwa muhuri mdogo chini ya bawa. Amani iliporudi alirudi kwenye bati haraka sana. Panzi wa sabuni ni wa bati, na macho yake si mekundu. Huyu alikuwa wa 1943. Mwaka huo nilikutajia kwenye barua yangu ya mwezi wa pili.

Sonara aliongea maneno mengi, umesema. Naamini. Alikuambia ni fedha, nawe ukamwambia ayeyushe.

Kama pini ingekuwa yangu, leo ningekutukana mpaka karatasi iishe, na unajua ninaweza. Haikuwa yangu. Zaidi ya hapo nimefungwa mdomo kwa ahadi, na ahadi zangu mimi hazibanduki. Kibonge nitamkabidhi mwenyewe.

Genoveva


Greenbelt, Maryland
8 Julai 2006

Mum,

Naandika kwa Kiswahili ili usiseme sikukuonyesha heshima, na nimemwomba Fredy asinisahihishe. Nimetry kukupigia lakini kila nikisikia "hello" yako nasahau vile nilitaka kusema.

Ile pini niliichagua mimi.

Shangazi Genoveva alikuwa ametoa mkufu wa dhahabu wa marehemu mama yake. Dhahabu ya ukweli, Mum, nzito. Alikuwa ameufunga tayari na barua ameandika. Mimi ndio nilisema hapana. Nilijua ule mkufu ungekuja na hotuba kila Christmas mpaka nizeeke. Alikuwa na trei ya wadudu wake mezani, nikamwona yule panzi, nikacheka. Siku ya kwanza mimi na Fredy kutoka pamoja alikuwa na senene wa kukaanga kwa mfuko wa karatasi, mama mmoja alikuwa amemletea kutoka Bukoba. Nikakula kwa gari nikasema tamu. Sikuwa nimependa. Nilitema mmoja dirishani akaniona. Tulicheka mpaka polisi akatuambia tuondoke pale. Hiyo ndiyo nilikuwa nataka kuvaa.

Shangazi alikataa. Alisema, "Mwanangu, hiki mama yako atakidharau, na atanidharau mimi kwanza." Alisema kwao msichana hachagui kishika uchumba, ni aibu, utadhani sijalelewa. Nilimsihi sana. Nikamwambia asikuambie kamwe, kwa sababu nakujua, ungesema mtoto wako amejiuza kwa chupa. Kwa hivyo akaandika barua nyingine, akamtia Kontesa taji. Mum, anajua yote. Daktari wa meno, sabuni, vifungo, yeye ndiye alinisimulia wa kwanza, tukicheka. Alikudanganya ili nionekane nimepewa kitu cha wafalme. Na ulipoanza kumtukana hakunitaja. Alikubali kuitwa debe tupu na wewe kwa miezi minne.

Nimesoma barua zenu zote. Zako anazo, na zake anaweka nakala. Mmeandikiana maneno mazuri kuliko yote mliyowahi kuniambia mimi. Mlikuwa mnafurahia. Msiniambie hamkuwa mnafurahia.

Ulijua ni silver ukayeyusha. Nimejaribu kuwaza ulikuwa unafikiria nini pale kwa sonara na nimeshindwa.

Tutafunga ndoa tarehe 2 Septemba, Jumamosi, saa nne asubuhi, kanisa la Shangazi hapa Greenbelt. Sitakupigia tena kukuuliza. Ukija nitafurahi sana. Usipokuja nitaolewa.

Makena


Sterling, Virginia
30 Agosti 2006

Kwa Genoveva,

Hii barua nimeiandika mara nyingi na kuichana. Nakuandikia wewe sio Makena, kwa sababu posa ilitoka kwako na jibu linarudi ilikotoka. Pia kwa sababu yeye siwezi. Nikishika kalamu namwona pale dirishani akitema yule mdudu na nakasirika kwamba sikuwa najua.

Ulitaka jibu kwa maandishi. Mimi Bilha, mama ya Makena, nimekubali posa ya Fredy. Shemeji yangu Phineas anajua na amesema amina, ingawa alisema "finally" kwanza.

Usidhani ni Kiswahili chako kimenishinda. Wewe bado ni mtu wa maringo na mkoba wangu haukuhusu. Lakini nilikutukana na ulikuwa na jibu mkononi, na hukulitumia. Mimi ningelitumia siku ya kwanza. Nimefikiria hilo wakati wote huu, kazini, kwa gari, nikiosha wagonjwa, na halinifurahishi.

Sonara aliniambia. Alisema, "Mama, hii ni silver ya zamani, hii haiyeyushwi." Nikamwambia yeyusha. Nilikuwa nimekuandikia kwamba ni takataka, na sikutaka iwe kitu kingine.

Sasa kuna jambo moja. Mama wa bibi harusi haendi kwa harusi mwenyewe kama jirani aliyesikia nyimbo. Anafuatwa. Umtume Mzee Fidelis Jumamosi asubuhi aje anichukue hapa nyumbani, hata kama amejiuzulu. Nitakuwa tayari nimevaa. Sitapiga simu. Mtoto alisema hatanipigia tena, na mimi ndiye mama, siwezi kuwa wa kwanza.

Nitaiposti kesho nikienda kazini.

Bilha


Greenbelt, Maryland
3 Septemba 2006

Mama Makena,

Barua yako nimeikuta leo Jumapili jioni, sandukuni, katikati ya matangazo ya pizza na ya mazulia. Nyumba yangu imejaa wageni tangu Alhamisi, wengine wanalala hadi chini ya meza, na hakuna aliyekumbuka kwamba tuna sanduku la barua. Nimeisomea nje, nimesimama.

Ndoa ilifungwa jana.

Nitakueleza jinsi ilivyokuwa, kwa sababu una haki, na kwa sababu nataka uumie. Makena alifika mapema. Gauni lilimkaa vizuri. Alisimama kwenye baraza la kanisa na simu mkononi, akasema tungoje kidogo. Tukangoja. Padri akatoka mara moja, akarudi ndani, akatoka tena. Watu wakaanza kugeuza shingo. Mzee Fidelis alijitolea kumshika mkono, akisema yeye ni kama babu. Makena akamwambia, "Asante, babu, but no. Nitatembea tu." Akaizima simu, akanipa niishike, akaingia peke yake. Kwaya ilikosea kuanza kwa sababu walikuwa wanatazama nyuma kama kuna mtu mwingine anakuja.

Teksi ya Mzee Fidelis ilikuwa pale nje asubuhi nzima, tupu.

Una gari, Bilha. Nimeliona, ni jipya kuliko langu. Una simu. Una barabara yote ya mzunguko, Jumamosi asubuhi, hakuna foleni. Ulikuwa na namba yangu, ya Fredy, ya mwanao mwenyewe. Ukachagua stempu. Nimekudharau tangu barua yako ya kwanza na sitakuficha kwamba nilifurahia, mwanao hakukosea. Nilikuwa nikirudi kazini nakuta bahasha yako nachemsha chai kwanza ili nisome vizuri. Jana sikufurahia. Jana nilikaa benchi la mbele upande wa kwetu nikitazama benchi la upande wa kwenu, shemeji yako hayupo, wewe hupo, na nikalia mbele ya watu wa klabu yangu.

Makena hajui kuhusu barua yako. Wameondoka leo mchana. Anaamini hukutaka kuja, na ameshaanza kulizoea jambo hilo, nimemwona akilizoea. Nikimpa barua, atajua kwamba ulikubali. Atajua pia kwamba wakati yeye amesimama barazani, wewe ulikuwa umekaa kwako, umevaa, ukingoja kubembelezwa. Sijui lipi litamuumiza zaidi, na kwa mara ya kwanza sitajifanya najua.

Wewe ndiye mama. Sema. Nimpe, au niichome?

Genoveva


Sterling, Virginia
7 Septemba 2006

Genoveva,

Mpe.

Mpe yote, usikate pahali popote, hata pale nilipoandika kwamba siwezi kuwa wa kwanza. Ninaona aibu na nataka aione.

Nilivaa kabla jua kuchomoza. Phineas alikuja kwa suti, nikamwambia tungoje, tutafuatwa. Tuliketi sebuleni. Saa nne ilipofika alisema, "Bilha, twende, I'll drive." Nikamwambia aketi. Tulikaa hapo mpaka mchana.

Funguo za gari zilikuwa mezani mbele yangu. Mwambie na hiyo.

Bilha